Damu ya Mtoto Wako Inaenda Wapi? Habari za Tundu Dogo Lenye Kutambua



Siku ile ulipoleta mtoto kliniki na homa, munganga alimchoma kidole, akatoa damu kidogo na kuitia ndani ya kichupa. Akaandika jina juu ya kichupa, na wewe ukarudi kukaa kwenye benchi. Hapo ndipo mama wengi wanaanza kujiuliza moyoni: ile damu inaenda wapi? Wanaifanyia nini? Wengine wanasema kwa sauti ya chini kwamba damu inauzwa. Wengine wanaogopa kabisa, na mtoto akigonjwa tena wanamficha nyumbani mpaka anakuwa hoi.

Ulizo lako ni zuri. Mama anayeuliza siyo mama mbaya. Kwa hiyo tutaifuata damu hatua kwa hatua, mpaka tufike kwenye tundu moja ambalo ni dogo kupita kila tundu ulilopata kuona. Tundu hilo limevikwa vizuri na wenye elimu hata linaweza kutambua kinachopita ndani yake. Soma polepole. Kama hujui kusoma, mwambie mtoto wa shule akusomee, na wewe usikilize.

1. MAULIZO MAWILI YA MUNGANGA

Munganga ana maulizo mawili juu ya ugonjwa.

Ulizo la kwanza: "Mtoto huyu ana ugonjwa gani?" Kwa malaria, wanatia tone la damu juu ya kioo na kulitazama kwa mikroskopi, ao wanalitia juu ya kipimo kidogo cha haraka chenye kuonyesha mistari. Kwa Ebola wanatumia mashini nyingine. Wakati wa mlipuko wa Kivu ya Kaskazini, mashini iitwayo GeneXpert ilitumika sana. Vipimo hivyo vinajibu tu: "Ndiyo, ugonjwa uko," ao "Hapana, hauko."

Ulizo la pili ni gumu zaidi: "Ugonjwa huu umetoka wapi?" Umetoka kwa jirani? Umeletwa na msafiri wa mji mwingine? Ao umetoka upya kwa nyama wa pori? Wakikosa jibu, waganga wanatafuta wagonjwa kama mtu anayetafuta mbuzi usiku bila taa. Kwa ulizo hili la pili ndipo tundu letu linatumika.

2. MZEE KIPOFU KWENYE MLANGO

Ili uelewe kazi ya tundu, fikiri mzee kipofu ameketi karibu na mlango mwembamba. Upepo unapita mlangoni na kumpiga usoni. Mtu akipita, upepo unapungua kidogo. Mtoto akipita, unapungua kidogo sana. Mama mwenye kubeba beseni akipita, unakatika karibu wote. Mzee haoni kitu, lakini anaweza kuhesabu watu, na tena anaweza kusema nani mkubwa na nani mdogo.

Ndivyo mtu mmoja wa Marekani, Wallace Coulter, alivyofanya na damu. Mwaka 1953 alipewa hati ya serikali kwa mashini yake. Alitia damu ndani ya maji ya chumvi, akapitisha maji hayo ndani ya tundu dogo, na umeme ukapita pamoja nayo. Umeme ndio ulikuwa upepo. Kila chembe ya damu ilipopita, umeme ulipungua, na mashini ikahesabu moja. Hata leo hospitali nyingi zinahesabu damu kwa njia hiyo. Wakikuambia "damu ya mtoto imepunguka", mara nyingi ni mashini ya namna hii imehesabu.

Lakini mzee wetu ana shida moja. Watu wawili wenye unene sawa wakipita, yeye hawezi kuwatenga. Mwizi na mchungaji wakiwa na mwili mmoja, kwake ni sawa. Tundu tupu linajua ukubwa tu, halijui jina. Ushike neno hili, mama, maana ndilo neno kubwa la kitabu hiki: tundu tupu halitambui. Kinachotambua ni ukuta wa tundu, kama umetengenezwa vizuri.

3. TUNDU LINA UKUBWA GANI?

Tazama rula ya mtoto wa shule. Kidogo kabisa kilichoandikwa ni milimita 1. Gawanya milimita hiyo mara 1,000,000: kipande kimoja kinaitwa nanomita. Unywele mmoja wa kichwa una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 ao 8,000. Virusi vya Ebola vina unene wa nanomita 80 hivi. Na tundu letu? Mahali pembamba pake ni nanomita 1 ao 2 tu.

Maana yake, hata virusi vizima haviwezi kupita. Lazima vivunjwe kwanza kwa dawa, na uzi ulio ndani yavyo utolewe. Uzi huo ndio wenye habari zote za virusi, nao ndio unaopitishwa.

4. TUNDU LA KWANZA LILITOKA KWA MIKROBE YA MAJIPU

Hakuna fundi mwenye msumari wa kutoboa tundu kama hilo. Wenye elimu walilitafuta mahali ambapo liko tayari.

Mama, unajua majipu. Mtoto anavimba kwenye paja ao kichwani, panakuwa moto, kisha usaha unatoka. Mara nyingi majipu yanaletwa na mikrobe iitwayo Staphylococcus aureus. Mikrobe hii ina sumu moja ya ajabu. Sumu hiyo ni proteini, yaani ya jamaa moja na zile proteini tunazokufundisha kliniki: za maharagwe, za samaki, za mayai. Vipande 7 vya proteini hiyo vinashikana duara juu ya ngozi ya chembe ya damu, vinaitoboa na kufanya bomba dogo. Chembe inavuja na kufa. Kwa mwili wetu ni ubaya mtupu.

Lakini mwalimu mmoja wa Marekani, David Deamer, aliwaza mwaka 1989 kwamba uzi wa uhai ungeweza kuvutwa ndani ya tundu na kusomwa. Akachora wazo lake katika daftari. Mwaka 1996, yeye pamoja na John Kasianowicz na Daniel Branton walionyesha mbele ya watu wote kwamba inawezekana. Walitia bomba la sumu ya majipu katika ngozi nyembamba ya mafuta, maji ya chumvi huku na huku, wakapitisha umeme. Nyuzi zikapita moja moja, na umeme ukapungua kila mara.

Usiogope ukisikia maneno haya. Mikrobe yenyewe haiko ndani ya mashini. Ni bomba peke yake, sawa na mtu anayetumia pembe ya ng'ombe wakati ng'ombe mwenyewe hayuko.

5. KUVIKA UKUTA WA TUNDU

Hapa tunafika kwenye kazi ya akili nyingi.

Turudi kwa mzee kipofu. Tufanye nini ili ajue jina la anayepita? Tuweke mtu mlangoni mwenye kusalimia kwa mkono. Kwetu, salamu ndiyo inatambulisha mtu. Mkulima ana kiganja kigumu. Mama mkubwa anashika mkono wako na kuuliza habari za watoto wote mmoja mmoja. Kijana mwenye haraka anagusa tu na kukimbia. Sasa mzee anasikia upepo umekatika kwa muda gani, na umekatika namna gani. Aliyekawia na aliyekimbia hawawezi kuwa mtu mmoja.

Ukuta wa tundu unafanywa hivyohivyo. Unapewa "mikono" ya kushika kidogo kile kinachopita, kisha kukiachilia. Kama kitu kinapendana na ukuta, kinakawia. Kama hakipendani nao, kinapita mbio. Umeme unaonyesha yote mawili: umepungua kiasi gani, na kwa muda gani. Kwa alama hizo mbili mashini inajua nani amepita.

Kuna njia nyingi za kutengeneza mikono hiyo. Tutakueleza chache.

Njia ya kwanza: kubadilisha matofali ya ukuta. Proteini imejengwa kwa vipande vidogo kama nyumba ya matofali. Unaweza kutoa tofali moja na kutia lingine. Mwaka 1997, watu waliotumika pamoja na mwalimu Hagan Bayley walitia ndani ya bomba la majipu matofali yenye kupenda zinki, ile madini inayotiwa juu ya mabati. Bomba likaanza kutambua zinki ndani ya maji: kila zinki ilipokamatwa, umeme ulibadilika, na ilipoachiliwa, ukarudi.

Njia ya pili: kutia kata. Mama, ukibeba ndoo ya maji unaweka kata kichwani, ile duara ya kitambaa. Mwaka 1999 watu haohao walitia ndani ya bomba kata moja ya sukari. Ni vipande 7 vya sukari vilivyoshikana duara, na vinatengenezwa kutoka kwa wanga, kama wanga wa mahindi. Kata hiyo ilikaa katikati ya bomba na kulifanya kuwa jembamba zaidi. Tena, tundu la ndani ya kata linapenda vitu fulani na kukataa vingine. Bomba ambalo mbele halikuona kitu, sasa lilitambua molekuli ndogo, na kuzitenga hata zikiwa zimechanganyika.

Lakini kata hiyo ilikuwa imewekwa tu, haikufungwa. Nyuma ya muda kidogo ilianguka, kama kata ya msichana anayejifunza kubeba. Ndiyo sababu walitafuta kuifunga kwa fundo la kemia lisilofunguka. Mwaka 2009 walionyesha kata iliyofungwa hivyo, na bomba hilo likaweza kutenga zile herufi 4 za uzi wa uhai, moja moja. Ona, mama: kata kuanguka ao kukaa ndiyo tofauti kati ya mchezo wa laboratwari na chombo cha kutumika.

6. TUNDU LA JIWE, NA MAFUTA YA KIKAANGO

Bomba la proteini lina udhaifu wake. Ngozi ya mafuta inayolishika inapasuka upesi, na joto kali linaliharibu. Kwa hiyo watu wengine walitoboa tundu katika kitu kigumu kama jiwe, kwa mishale midogo sana ya umeme. Chuo cha Harvard cha Marekani kilionyesha tundu la namna hiyo mwaka 2001.

Tundu la jiwe lina nguvu, lakini ukuta wake ni mbaya. Weka samaki juu ya kikaango kisicho na mafuta: anashikamana, ngozi inabaki chini, na wewe unakwangua. Ndivyo ilivyo. Proteini za damu zinashikamana na ukuta wa jiwe, tundu linaziba, na umeme unaanza kusema uongo. Kuziba huko ndiko shida kubwa ya matundu ya jiwe.

Dawa yake ni kupaka ukuta. Mwaka 2007, Meni Wanunu na Amit Meller waliupaka kwa molekuli ndefu zenye kichwa na mkia. Kichwa kinashika jiwe na kuota pale kama mzizi. Mkia unabaki nje, ukiangalia katikati ya tundu, kama majani marefu pembeni ya kijito. Hapo unachagua mkia unaoutaka: mkia wenye kupenda maji ili vitu visishikamane, mkia wenye umeme wa kuvuta ao wa kusukuma, ao mkia wenye ndoano ya kukamata kitu kimoja tu na kuacha vingine.

Mwaka 2011, watu wa mwalimu Michael Mayer, katika chuo cha Michigan, walijifunza kwa nondo, yule kipepeo wa usiku. Nondo dume wa hariri anasikia harufu ya jike toka mbali, kwa sababu pembe zake zina matundu madogo yaliyopakwa mafuta. Harufu inashikwa na mafuta na kuteleza ndani. Wakafanya vivyo: wakapaka tundu la jiwe mafuta membamba kama yale yanayofunika chembe za mwili, na ndani ya mafuta wakatia ndoano. Proteini ikashikwa na ndoano, ikateleza polepole ndani ya tundu, bila kushikamana na bila kuziba. Ni mafuta ya kikaango kabisa!

Matundu haya ya jiwe yanaendelea kujaribiwa. Wenye elimu wanataka siku moja tone la damu litiwe ndani, na ndoano mbalimbali ziseme kuna alama za ugonjwa gani. Lakini tunakuambia kweli: kliniki yetu haina kitu hicho. Kilichokwisha kutoka laboratwari na kufika mpaka kwetu Congo ni tundu la proteini, lenye kusoma uzi wa virusi.

7. NAMNA TUNDU LINAVYOSOMA

Uzi wa uhai ni kama barua ndefu yenye herufi 4 tu. Virusi vya Ebola vina barua ya herufi 19,000 hivi. Mara nyingi laboratwari inafanya kwanza nakala nyingi za barua hiyo, ili itoshe kusomwa.

Mashini moja inayosoma barua hiyo inaitwa MinION. Inatoshea mkononi, haipiti redio ndogo ya mfukoni, na inaunganishwa na ordinateri. Toka mwaka 2016 inatumia bomba la mikrobe nyingine, ile ya matumbo iitwayo E. coli, ambalo matofali ya ukuta wake yalibadilishwa mara kwa mara ili lisome vizuri zaidi. Juu ya mlango wa bomba kunawekwa proteini nyingine yenye kushika uzi na kuuachilia polepole, kama mama anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba. Asipoishika kamba, ndoo inaanguka mara moja. Vilevile uzi usiposhikwa unapita mbio, na hakuna kinachosomwa. Hata hivyo, "polepole" hiyo ni herufi mamia kwa sekunde moja.

Barua inatuambia nini? Mwalimu wa shule anajua mambo haya. Watoto wakiibiana majibu, wanaibiana na makosa. Mwalimu akiona kosa moja la ajabu katika daftari tatu, anajua hao watatu walikaa pamoja. Virusi vinapojizalisha katika mwili vinafanya makosa madogo ya kunakili. Yule anayeambukizwa anapokea barua pamoja na makosa yake. Kwa kulinganisha makosa, laboratwari inajua ugonjwa wa nani uko karibu na ugonjwa wa nani.

8. TOKA TERMOSI MPAKA MASHINI YA MKONONI

Mwaka 1976, homa isiyojulikana iliua watu huko Yambuku, kaskazini ya nchi yetu. Damu ya mgonjwa ilitiwa katika termosi na kupelekwa kwa ndege mpaka Antwerp, Ubelgiji, kisha kwenye laboratwari za nchi nyingine, mpaka ugonjwa ukapewa jina: Ebola. Watu 318 waligonjwa, na 280 walikufa. Sindano zilizotumiwa tena na tena bila kusafishwa vizuri zilieneza ugonjwa huo, na kati ya walioupata kulikuwa mama waliofika kwa ajili ya mimba. Ndiyo sababu leo tunakuambia: una haki ya kuona sindano mpya inafunguliwa mbele ya macho yako.

Mwaka 2015, wakati wa Ebola ya Guinea, watu wa laboratwari walibeba mashini ya matundu pamoja na vyombo vyake vyote katika mizigo isiyofika kilo 50. Walisoma virusi vya wagonjwa 142. Mara nyingine jibu lilitoka kabla ya siku moja kwisha toka damu ilipofika.

Hapa kwetu, laboratwari kubwa ya taifa, INRB ya Kinshasa, inatumia mashini za kusoma za aina mbalimbali, na ile ya matundu ni mojawapo. Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikamata watu 3,470 na kuua 2,287. Katika mlipuko huo watu wa INRB walisoma barua 744 za virusi na kuwapelekea habari wale waliotafuta wagonjwa vijijini.

Kisha, mwezi wa Februari 2021, mama mmoja wa sehemu za Butembo alikufa kwa Ebola. Watu walifazaika: imetoka tena porini? Barua ya virusi ikasomwa, na makosa yake yakafanana na yale ya mlipuko uliopita. Haikutoka porini. Mume wa mama huyo alikuwa amepona Ebola. Waganga wakajua mahali pa kutafuta na nani wa kuchanja. Watu 12 waligonjwa na 6 wakafa, na tarehe 3 Mei 2021 mlipuko ukatangazwa kwisha. Linganisha 12 na 3,470, uone faida ya kuanza mapema.

Lakini mwaka 2025, huko Kasai, barua ilisema jambo lingine: ugonjwa ulitoka upya kwa nyama, haukuendelea kutoka milipuko ya Kasai ya 2007 na 2008. Na huko Kamituga, Kivu ya Kusini, barua za virusi vya mpox, ile ndui ya nyani, zilionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa unapita kutoka mtu hadi mtu. Kila jibu lina kazi yake. Ukitoka porini, tunafundisha juu ya nyama. Ukitoka kwa mtu, tunafuata watu waliogusana.

Neno moja hapa, mama. Virusi vya Ebola vinaweza kubaki katika manii ya mwanaume aliyepona kwa miezi mingi, na mara nyingine kupita mwaka mmoja. Vinaweza pia kubaki katika maziwa ya mama aliyepona. Siyo kosa la aliyepona, na siyo uchawi. Asifukuzwe wala asichekwe. Aje kupimwa, na mpaka aambiwe kwamba virusi vimekwisha, mume na bibi watumie kapoti. Mama aliyepona na ananyonyesha aulize kwanza munganga.

9. TUNDU HALIWEZI KILA KITU

Tundu haliponyeshi. Linatambua tu. Dawa, chanjo, maji safi na mikono yako mama ndivyo vinavyoponyesha na kulinda.

Tundu haliendi kumtafuta mtoto aliyefichwa chini ya kitanda. Linasoma kilicholetwa tu. Damu iliyokaa siku mingi katika joto, uzi wake unakatikakatika kama uzi mzee, na barua inasomeka nusu. Mtoto akiletwa siku ya kwanza, barua ni nzima. Akiletwa nyuma ya wiki, labda jirani watatu wamekwisha kuambukizwa.

Tena haijui kwamba ulikuwa kwenye matanga ya shangazi, ao kwamba mgeni alilala kwako. Herufi zinaonyesha jamaa ya virusi. Wewe ndiwe unayeeleza safari za watu. Ukimficha munganga habari, barua inabaki bila anwani.

Mwisho, jihadhari na wadanganyifu. Mtu akipita sokoni na kamashini, akisema ushike chuma mkononi nayo itakuonyesha magonjwa yako yote, usimpe feza. Umeona kazi yote inayotakiwa ili tundu moja litambue kitu kimoja: kuvunja virusi, kutoa uzi, kupaka ukuta, kufunga kata, kushika kamba. Hakuna chuma cha sokoni chenye kufanya hayo.

UKUMBUKE MAMBO HAYA

— Damu ya mtoto inapelekwa kupimwa, siyo kuuzwa. Una haki ya kuuliza: "Mnapima nini? Jibu litatoka lini?"
— Tundu tupu linahesabu tu. Ukuta uliovikwa vizuri ndio unaotambua.
— Kipimo cha kwanza kinasema ugonjwa gani. Barua ya virusi inasema umetoka wapi.
— Lete mtoto mwenye homa siku ileile. Usingoje soko lipite.
— Mwambie munganga kweli yote: safari, wageni, matanga, nyama mliyokula.
— Sindano ifunguliwe mbele yako.
— Aliyepona Ebola ni ndugu yetu. Tumsaidie kupimwa.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA KLINIKI

1. Juu ya nini mzee kipofu hawezi kutenga watu wawili wenye unene sawa? Nini inaweza kumsaidia?
2. Kata ya sukari inafanana namna gani na kata yako ya kubebea maji? Juu ya nini ilipaswa kufungwa?
3. Huko Butembo mwaka 2021, barua ya virusi ilisaidia waganga namna gani?
4. Jirani yako anaficha mtoto kwa sababu ya woga wa damu. Utamwambia maneno gani?

Kama una ulizo lingine, usilirudishe nyumbani. Liulize leo, mbele ya kuondoka.